Tukizungumza ligi ya wakubwa, tuulize kwanza wenye watabaki

Bwana Mhariri, jambo sana kwako na kwa wote wenye wanafanya kazi hapo kwenye gazeti.

Nilisoma ile makala yenu ya wiki iliyopita juu ya ligi ya klabu kubwa za Afrika, mliandika vizuri kwamba italeta franga, mimi sikatai, franga ya televizyo iko na mpira wetu unaihitaji. Lakini kwa ukurasa mzima sikuona hata mstari moja juu ya ekipe zenye hazitachukuliwa, njo maana nimeshika simu na kuanza kuandika, sababu kuna mahali hii kitu imefanyika tayari, imefika mpaka mwisho na kila mtu anaweza kuona imeacha nini. Ni kule Marekani, kwa michezo ya vyuo vikuu.

Najua wengine watauliza michezo ya wanafunzi inatuhusu nini. Kule haiko kama hapa wanafunzi wanacheza jioni fakilte na fakilte, kila mtu anarudi kwao. Kule chuo kinajaza uwanja watu elfu sitini na zaidi, televizyo inalipa, na wachezaji wengi wa NBA, ligi kubwa ya basketi, na wa NFL, ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani ile ya kushika mpira kwa mikono, wanatokea mule. Dikembe Mutombo wetu, mbele dunia nzima ijue kile kidole chake cha kukataza, alikuwa bado mwanafunzi, anacheza basketi kwenye chuo cha Georgetown mpaka 1991.

Sasa vile vyuo vinajipanga kwa makundi, wao wanaita konferensi, kundi linauza mechi zake kwa televizyo na franga wanagawana. Zamani kundi lilikuwa la majirani, ekipe inapanda bisi au ndege ya karibu, inacheza, inarudi, wanafunzi wanaingia masomo Jumatatu. Upande wa bahari ya Pasifiki kulikuwa kundi lenye mizizi tangu 1915, mwisho likaitwa Pac-12 sababu lilikuwa na vyuo 12. Tarehe 30 Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza vinaondoka kuingia Big Ten, kundi la katikati ya nchi lenye mwaka ule ule lilifunga kontra na Fox, CBS na NBC ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Los Angeles njo soko lenyewe, ikishatoka hamu ya televizyo inashuka, na wenye walibaki wakaanza kuangaliana kila mtu akijiuliza mwenzake ataondoka lini. Julai 2023 Colorado ikaenda. Tarehe 4 Agosti vikaenda vitano kwa siku moja, Oregon na Washington kwa Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwa kundi lingine, Big 12. Septemba mosi Stanford na California wakaingia ACC, kundi la vyuo vya bahari ya Atlantiki, ng'ambo nyingine kabisa ya nchi! Leo ekipe ya Los Angeles inaenda kucheza New Jersey karibu kilometa 4,000, zaidi ya mara mbili ya Lubumbashi na Kinshasa kwa ndege, na siyo tu wale wa futiboli ya Kimarekani, hata binti wa voliboli mwenye ana mtihani kesho yake.

Kwa vyuo 12 vikabaki viwili, Oregon State ya mji wa Corvallis na Washington State ya mji wa Pullman.

Mtoto wa yaya wangu, ni kusema ndugu yangu mkubwa, anasoma Pullman, njo kwake nilianza kufuata hii habari. Ni mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, wakaaji kama elfu thelathini na tatu, na uwanja wa chuo unaingiza watu kama elfu thelathini na tatu pia, ni kusema siku ya mechi mji unakuwa miji miwili. Kijana anafanya kazi kwenye resto ya chuo, aliniambia kwa vokali ya WhatsApp kwamba Jumamosi ya mechi ya nyumbani anaanza kukata mikate usiku bado, hoteli zimejaa mpaka miji ya jirani, watu wanalala kwenye gari, wazee wenye walimaliza masomo miaka ya sabini wanakuja na wajukuu wamevaa rangi moja. Na wale watu wanapenda chuo chao kweli kweli, tangu 2003 wanapeleka bendera yao kila wiki mahali popote ile emisio kubwa ya televizyo ya michezo ESPN ya asubuhi ya mechi inarushwa, hata kama ekipe yao haichezi pale, mtu anaipokea kwa posta, anasimama nayo nyuma ya wachambuzi, anaituma kwa mwingine wa wiki yenye inafuata. Chuo chenye watu kama hao njo kiliambiwa hakina soko.

Na siyo chuo bila historia. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi pale pale Pullman wakati alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 kwa siku 81, mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Nataka wasomaji wa gazeti hili walijue hilo, Mwafrika mwenye kusema Kiswahili alikimbia kwa jina la hicho chuo.

Kitu chenye kiliniumiza zaidi ni cha mabinti wa basketi. Machi 2023 walichukua kombe la Pac-12, fainali wakashinda UCLA, na ilikuwa mara ya kwanza ekipe ya wanawake ya Washington State kupata taji la konferensi katika mchezo wowote. Miezi mitano kisha konferensi ikavunjika mikononi mwao. Walishinda, hawakushindwa! Wakaenda kuombea nafasi ya muda kwa kundi lingine, West Coast Conference, ili wapate wa kucheza naye, na yule mchezaji wao mkubwa, Charlisse Leger-Walker wa New Zealand, mwenye aliwabeba kwa kombe lile, akahamia UCLA, kwa wale wale aliowapiga. Simlaumu hata kidogo, mchezaji ana miaka yake michache na anaenda mahali mchezo uko. Ndivyo ilikuwa hata kwa futiboli yao, Cam Ward aliondoka Pullman kwenda Miami na 2025 akawa mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa NFL, na Corvallis kocha Jonathan Smith, mtoto wa nyumba mwenye alicheza pale pale zamani, aliondoka hata mwaka 2023 haujaisha.

Franga sasa. Mwaka 2022 kila chuo cha Pac-12 kilikuwa kinapata karibu dola milioni 37 kutoka kwa kundi, na ile pesa ya futiboli njo inalisha michezo mingine yote yenye haileti kitu, kuogelea, kupiga makasia, riadha. Ikikatika, haikatiki kwa yule staa, inakatika kwa kijana wa kutupa mkuki. 2025 Washington State ilifuta michezo ya kuruka na kutupa kwa riadha yake, ikabakisha zaidi mbio ndefu.

Lakini, Bwana Mhariri, kuna jambo moja lenye liliwaokoa wale wawili wasife kabisa na njo sababu ya barua hii yote. Siyo huruma ya mtu. Ni sentensi kwenye sheria za ndani za Pac-12 yenye ilisema chuo kikitangaza kuondoka mbele ya kontra kuisha, kinapoteza kura kwenye baraza. Wale kumi wenye wanaondoka walitaka kuendelea kukaa mezani na kupiga kura juu ya franga ya nyumba wenye wanaihama. Corvallis na Pullman wakaenda tribinali, Novemba 2023 juji wa wilaya ya Pullman, yenye inaitwa Whitman, akawapa haki, Desemba korti kubwa ya jimbo la Washington ikakataa kuingilia, na kisha pande zote zikapatana, wenye kuondoka wakaacha nyuma dola milioni 65. Jina la Pac-12 likabaki kwa hao wawili, na akiba yake pia. Ile sentensi ingekosekana wangetoka mikono mitupu.

Na derby pia, hivyo hivyo kwa karatasi. Washington na Washington State wanapigana tangu 1900, mechi yao inaitwa Apple Cup, watu waliogopa itakufa, lakini vyuo vilisaini kontra ya kuendelea mpaka 2028. Septemba 2024, mara ya kwanza wanakutana tangu kundi livunjike, Washington State, yule mwenye aliachwa, alienda mpaka Seattle akashinda 24 kwa 19, mpinzani akasimamishwa mwishoni mbele ya mstari kabisa. Mimi niliangalia kwa simu usiku huku kwetu nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nisifiche upande mwingine sababu ni kweli pia. Wale wawili wenye walilia 2023, mwaka moja kisha wao wenyewe walienda kubomoa nyumba ya mwenzao. Kundi la Mountain West liliwapa mechi za msimu wa 2024 kwa dola milioni 14, liliwasitiri, na Septemba ile ile Pac-12 ikachukua kwake Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, kisha Utah State, kwa kuanza pamoja Julai 2026, na faini zenye walikuwa wamesaini kwa kontra wakaenda kuzikataa tribinali. Wyoming, Nevada, New Mexico wakabaki wanashangaa kama vile Pullman ilishangaa. Nilihuzunika sana. Kijana wangu alinijibu, tonton, tungefanya nini, na sikupata jibu, sababu kweli kwa mchezo wenye umepangwa vile, kila mwenye anaachwa anatafuta wa kumwacha. Kwa hiyo tusiseme tu viongozi wawe na roho nzuri, wale wa Oregon State na Washington State siyo watu wabaya.

Nirudi Lubumbashi. Mimi ni mtu wa klabu ya Lupopo, manjano na buluu, lakini sina chuki na Mazembe, wapinzani wetu wa hapa mjini, kwa hili, Lupopo na Mazembe zote zilizaliwa 1939, na zile kombe tano za Afrika, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, Mazembe ilizitafuta uwanjani, mechi kwa mechi, hakuna mtu aliyeipa. Wakati ile ligi ya klabu kubwa, Super Ligi, ilitangazwa Arusha Agosti 2022, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilisema klabu 24. Oktoba 2023 ilianza na klabu nane, Mazembe ndani, na zile nane hazikuingia kwa kushinda mechi za kufuzu, zilichaguliwa. Mazembe haikuacha shampiona yetu, sawa. Ila mlango wa kuchagua umeshafunguliwa, na kwa mlango ule Pullman ilikuwa na kombe mkononi na ikaachwa nje.

Kitu kimoja tunacho na Wamarekani hawana, ni kupanda na kushuka. Kwetu ekipe ya Katuba au ya Likasi ikipata kizazi kizuri inaweza kupanda mpaka ikutane na Mazembe kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, na mkubwa akicheza vibaya anashuka, hata akiwa na franga. Kule ngazi hiyo haipo, unaingia kwa kualikwa. Ukiondoa hiyo ngazi hapa, utakuwa umeua wangapi? Fikirieni siku ya derby ya Lupopo na Mazembe, tangu asubuhi mtaa wa Kamalondo haupitiki, taksibisi zimefunga vitambaa kwenye vioo, mama wa maji ya sashe na karanga anauza kwa masaa matatu kile anauza kwa wiki, vijana wa kuuza majezi, wa kuchunga pikipiki. Na fikirieni ekipe za Goma na Bukavu, kwa hali yenye wako nayo tangu vita ya mwanzo wa 2025, nani akiandika leo orodha ya wenye soko atawaandika? Na hawakushindwa na mtu uwanjani.

Kwa hiyo ninaomba gazeti lisiishie kusifu. Mtume mwandishi kwa Linafoot, wenye wanaongoza shampiona yetu, na kwa FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, aulize sheria za ndani zinasema nini klabu ikitaka kutoka, inapoteza kura siku gani, inaacha franga ngapi kwa wenye wanabaki, na kama derby zetu zimeandikwa mahali popote au tunazitegemea tu mazoea. Kama viko, chapeni ukurasa mzima, kwa herufi kubwa, watu wasome. Kama haviko, muandike kwamba haviko, na tuanze kuvidai sasa, wakati klabu zote bado zimekaa meza moja na hakuna mwenye ameshapata kontra kubwa mfukoni.

Asante kwa nafasi.

Sipota wa Lupopo, Katuba, Lubumbashi