Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: turuhusuni madaktari tuwe na bima yetu wenyewe

Mheshimiwa Kamishna wa Bima, Kenya,

Salaam. Mimi ni daktari wa akina mama huku Pwani, kazi yangu kuzalisha na kupasua. Kila mwaka leseni haitoki bila indemniti, yaani ile bima ya kesi za makosa ya matibabu, na hilo silipingi hata kidogo, mgonjwa akiumia lazima pawe na pesa ya kumlipa. Kinachoniuma ni hiyo pesa yetu inashikwa na nani na inafanya kazi gani.

Wacha nikueleze yaliyonipata. Kuna mama alijifungua salama, nusu saa baadaye damu ikaanza kutoka, tukampa dawa, tukamkanda tumbo, tukaagiza damu, wapi, haikatiki, saa tisa usiku nikamuingiza thieta nikamtoa kizazi ili abaki hai. Alibaki hai. Ana miaka 23 na hatazaa tena. Familia ikaleta barua ya wakili, na ni haki yao, ningekuwa babake ningeuliza pia. Barua nikaipeleka kwa watu wa bima siku hiyo hiyo. Amri ya kwanza niliyopewa ni nisiongee na hiyo familia, hata pole nisiseme, isije ikaonekana nimekiri kosa. Halafu akaja mtu wao kupitia faili, kijana mpole tu, akaangalia ile karatasi ya kurekodi damu iliyomwagika akaniuliza, daktari, hizi mililita 2,500 ni nyingi ama ni kidogo? Huyo ndiye alikuwa anaamua kama nitetewe ama walipe. Mwishowe wakalipa kimyakimya, mwaka uliofuata ada yangu ikapanda, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini damu ilichukua lisaa limoja na zaidi kufika wodini. Kosa liko hapo, na mpaka leo halijaguswa, na kitanda kile kile kina mama mwingine.

Bima ya madaktari wenyewe ingeanza na hilo swali la damu, maana hasara ya kesho ni yetu sisi. Wenzetu walishafanya. Marekani miaka ya 70 kampuni zilipoikimbia biashara hii madaktari wakajikusanya, New York wakaanzisha kampuni yao ya bima, MLMIC, mwaka 1975, California wakaanzisha The Doctors Company mwaka 1976. Uingereza Medical Defence Union ya madaktari iko tangu 1885. Na sisi Wakenya kuchanga na kukopeshana kwa sacco tumefundishwa na nani?

Najua utaniambia zipo zilizoanguka. Kweli, PIE Mutual ya Ohio ilikuwa ya madaktari na ikafilisiwa 1998, akiba haikutosha kulipa kesi. Ndio maana nakuandikia wewe na sio wenzangu, tunataka utusimamie, utuletee aktuari, yule mtaalamu wa kupiga hesabu za bima, atuambie ukweli hata kama ukweli wenyewe ni kwamba tuchange zaidi. Lakini ukitudai mtaji wa shilingi milioni 600 kama kampuni inayobima magari na majumba, umetufungia mlango. Turuhusu tuanze na mfuko wa wanachama ndani ya kampuni yenye leseni, kesi kubwa kubwa zikingwe na Kenya Re, ile kampuni inayobima kampuni za bima, na faili zipitiwe na madaktari wanaojua kazi pamoja na mtu wa kuwasemea wagonjwa, tusije tukaambiwa tunalindana.

Naomba kikao kabla ya Disemba, hata nusu saa, tutakuja na hesabu zetu.

Na hilo la kukatazwa kusema pole halingoji mtaji wala mfuko, unaweza kuziandikia kampuni waraka hata wiki hii. Yule mama nakutana naye sokoni, tunaangaliana, halafu kila mtu anageuza macho.