Msinitumie Watoto Kama Mizigo: Barua kwa Wazazi wa Nakuru

Wanangu na wakaza wana wangu, pamoja na wazazi wenzenu wote mliopanga nyumba Free Area, Shabab, Kaptembwo na Lanet huku wazee wenu wakiwa Kakamega, Vihiga, Busia na Siaya,

Nawasalimu nyote. Wengi mnanijua. Nilifundisha shule za msingi mjini Nakuru kwa miaka 28, na baadhi yenu mlikaa mbele yangu mkiwa bado mna mapengo ya meno. Sasa ninaishi nyumbani karibu na Khayega, si mbali na msitu wa Kakamega, na kila Agosti napokea wajukuu. Shule zinakaribia kufungwa, na kuna neno nimekaa nalo tangu mwaka jana.

Najua mambo yatakavyokwenda. Shule itafungwa Ijumaa, na Jumamosi mtoto atakuwa steji na begi mgongoni. Makanga ataandikiwa namba yangu ya simu kwenye kipande cha karatasi, ataongezewa shilingi 100 za soda, mama atasimama nje ya dirisha akipunga mkono, na gari litaondoka. Saa sita mchana ndipo simu yangu italia: "Mama, watoto wako njiani, uwapokee Khayega." Mwaka jana walikuja watano namna hiyo. Mkubwa wao alikuwa na miaka 12. Baba yao alikuja kuwachukua wiki ya tatu, akanywa chai akiwa amesimama, akatazama saa, wakaondoka.

Nawaomba mwaka huu msiwatume. Waleteni wenyewe, mkae nao hapa hata siku tatu.

Siwasemi kana kwamba mimi nilikuwa mwema kuliko ninyi. Agosti ya 1987 nilimpandisha kifungua mimba wangu basi pale Nakuru, akiwa na miaka tisa, nikamwekea mfukoni karatasi yenye jina la babu yake na neno Khayega kwa herufi kubwa. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikajiambia kwamba yeye ni mwanamume, atafika. Alishushwa Majengo, mbali na nyumbani, jua likizama. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara alimwona ameketi juu ya katoni lake, akamsogeza karibu na jiko, akampa hindi, akawa anawauliza wapita njia kama wanaijua familia hiyo. Babu yake alimpata saa mbili usiku. Mimi nilipata habari baada ya siku nne, kwa barua. Miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe akiwa baba, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama, kama ningepotea ungejuaje?" Hadi leo swali hilo sijalijibu. Huyo mama wa mahindi sikuwahi hata kumjua jina.

Leo kuna simu, mtaniambia. Kweli. Lakini simu inawaambia tu kwamba mtoto amefika. Haiwaambii alichokiona njiani wala alichokiogopa.

Nimeishi Nakuru, najua siku zenu zilivyo. Mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai macho yamefumba nusu, basi la shule linapiga honi nje ya geti kabla hakujapambazuka. Jioni anarudi na kazi ya nyumbani. Baba anaingia saa tatu, mtoto amelala. Jumamosi kuna nguo za kufua na wateja wa kuhudumia, Jumapili kanisa, halafu Jumatatu tena. Mnaishi chumba na sebule, mkiwa karibu sana, na bado wiki inaisha hamjazungumza na mtoto jambo lolote lisilohusu sare, karo au sahani chafu. Kwa hiyo zile saa tano au sita za kutoka Nakuru hadi huku ni mali. Ni saa ambazo mtoto ameketi ubavuni mwako na hakuna kengele. Mnampa makanga mali hiyo.

Hebu tuitazame hiyo barabara, kwa maana niliipita kila likizo nikiwa na watoto wa kwangu baada ya mkasa ule. Kutoka Nakuru mnapanda. Salgaa, Sachangwan, baridi inaongezeka, masikio yanaziba, na kando ya njia kuna viazi na karoti za Molo. Mau Summit barabara inagawanyika, moja ya Eldoret, nyingine ya Kericho. Mwache mtoto awaambie ninyi mnafuata ipi. Baada ya chai ya Kericho mnaanza kuteremka, sweta zinavuliwa moja baada ya nyingine, na mkifika Ahero mmeingia joto la uwanda wa Kano, mpunga umesimama majini na yangeyange weupe wanatembea katikati yake. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, ziwa la Kisumu liko kwenye mita 1,134. Nilifundisha tarakimu hizo ubaoni miaka mingi, lakini wanafunzi walioelewa ni wale waliokuwa wamevua sweta Ahero.

Kisumu msipite mbio. Mwonyesheni reli. Iliwasili ziwani Desemba 1901, mahali hapo pakiitwa Port Florence, na kabla ya hapo ilikuwa imepita Nakuru. Mji wenu na mji wa ziwani vilizaliwa na reli moja. Mkiwa na saa moja ya ziada, nendeni Dunga watoto waone mashua zikileta samaki. Halafu mkiendelea kwa barabara ya Kakamega, kati ya Kisumu na Mbale mnavuka ikweta. Mtoto wa Gredi ya 4 ambaye ameichora ikweta kwenye daftari anastahili kuambiwa, "Sasa hivi tumeivuka." Mjukuu wangu mmoja alipoambiwa hivyo aliinua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akasema anairuka.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Ondokeni asubuhi, saa kumi na mbili, na siku ya kurudi vilevile. Watu hudhani hatari iko wakati wa kuja, kwa sababu ndiyo safari ndefu yenye msisimko. Lakini kurudi ndiko mnateremka Mau kuelekea Salgaa, pamoja na malori ambayo breki zake zimepata moto, na jioni ukungu hushuka. Barabara hiyo imetutoa machozi mengi. Januari 2009 pale Sachangwan zaidi ya watu 100 waliteketea na lori la mafuta. Juni 2023 kwenye makutano ya Londiani lori liliwagonga waliokuwa wakifanya biashara na kusubiri magari, wakafa zaidi ya 50, nao walikuwa wamesimama tu kando ya barabara. Kwa hiyo mtoto alipiwe kiti chake, afungwe mkanda. Kumpakata ili kuokoa nauli ni kumfanya yeye awe mto wa kukukinga wewe. Na dereva akikimbia, semeni. Mkiwa watu wazima wawili mkasema, abiria wengine wataitikia. Mtoto wa miaka 12 akiwa peke yake hawezi kumwambia dereva kitu.

Mtasema hakuna nafasi kazini. Walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa siku zisizopungua 21 za likizo yenye mshahara kila mwaka. Ziombeni sasa hivi, na mwaka ujao mziombe mapema, Juni, kabla wenzenu hawajazichukua. Wenye vibanda na bodaboda, najua siku isiyofanyiwa kazi haina chakula. Kwenu nasema siku mbili, katikati ya wiki, wakati magari hayajajaa. Na walio na ndugu Uingereza au Marekani, ambao huja Agosti kwa kuwa kwao ni kiangazi na shule zimefungwa, msiwaache wafike wao huku kuwaona wazee na ninyi mlio karibu mkabaki.

Sasa niwaambie kisa cha chemchemi, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka jana, siku ya pili, niliteremka nao kuchota maji. Chemchemi yetu imejengewa ukuta mdogo wa saruji na bomba moja fupi, maji yanatoka usiku na mchana. Msichana wa Gredi ya 5 alijaza mtungi wake wa lita tano, kisha akaanza kupapasa lile bomba, juu, chini, ubavuni. Nikamuuliza anatafuta nini. "Mahali pa kufungia, Nyanya. Yanamwagika." Nikamwambia hayafungwi. Akanyamaza, akaweka kiganja chini ya maji, akakaa hivyo muda mrefu, maji yakimpita vidoleni. Kisha akauliza, "Na bili inaletwa kwa nani?" Nilicheka, halafu moyo ukaniuma, kwa sababu pale pembeni palikuwa na jiwe ambalo baba yake alikuwa akilinolea panga akiwa mvulana, na baba yake hakuwepo kumwonyesha. Nilimwonyesha mimi. Aliligusa kwa adabu, kama kitu cha mtu asiyemjua.

Hicho ndicho ninachokidai kwenu. Mimi naweza kuwapikia watoto, naweza kuwapeleka msituni kwa mwongozaji wakaone mbega weusi kwa weupe wakiruka, naweza kuwaonyesha mwamba wa Ilesi unaotiririsha maji kama machozi. Lakini siwezi kuwasimulia mlipoanguka mkavunjika mkono, wala mti mliojificha siku mlipovunja chungu cha bibi. Hayo ni ya vinywa vyenu.

Kuna mambo ya jikoni pia, na wazee wenzangu wamenituma niyaseme kwa sababu wao wanaona haya. Mtoto anakula. Mfuko wa unga wa kilo mbili kwa watoto watano na mimi unaisha kesho yake. Leteni unga, sukari, mafuta, sabuni, au tumeni pesa kabla hawajafika, msingoje mzee awaombe. Kuna nyanya hapa jirani aliyeuza kuku wake wawili wa mayai kulisha wajukuu, na wazazi wao hawajui hadi leo.

Na afya. Nakuru ni baridi, malaria ni kidogo, kwa hiyo watoto wenu hawana kinga kama wa huku. Ukanda huu wa ziwa una mbu wenye malaria mwaka mzima. Njooni na neti, walale ndani yake kila usiku, hata wakilalamikia joto. Jambo mnalolisahau ni hili: malaria huchukua wiki moja, mbili au zaidi kujitokeza. Mtoto anaweza kuondoka hapa akiruka, akaanza kutetemeka akiwa darasani Nakuru. Ilimpata mjukuu wangu. Alipewa dawa za mafua siku tatu kwenye zahanati moja, kwa kuwa hakuna aliyetaja kwamba alikuwa magharibi. Semeni hivi mkifika tu kwa daktari: mtoto huyu ametoka Kakamega, au Kisumu, apimwe malaria. Ziwani wasiogelee wala kucheza majini ukingoni, kuna kichocho. Mashua wapande wakiwa wamevaa jaketi za kuelea, na kama mwenye mashua hana, msipande.

Tyusheni ya likizo sitaisemea sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza, na mimi niliyefundisha nawaambia mtoto aliyechoka hafundishiki. Simu ije, lakini ilale chumbani kwangu.

Wapo kati yenu ambao wazee wamefariki, au nyumbani kuna ugomvi wa shamba na hamtaki watoto wausikie. Nawaelewa. Nendeni kwa shangazi, kwa rafiki, au mbaki huko huko mpande Menengai na watoto, mwende Hyrax Hill, mwingie mbugani mkalione ziwa ambalo watoto wengi wa Nakuru hulionea mbali tu. Mradi muwe nao.

Mahindi yangu ya mvua za masika yamekomaa na wiki ijayo tunaanza kuvuna. Mstari wa mwisho, ule ulio kando ya migomba, nimewaambia vibarua wasiuguse. Nipigieni kabla ya Jumatano mniambie mko wangapi, wakubwa na wadogo, nijue kama nitaazima godoro kwa jirani.

Ni mimi mama yenu na mwalimu wenu,
Khayega