Wageni wa kujitolea wasipewe darasa la kwanza

Ndugu Mhariri,

Mwezi wa sita ukikaribia, walimu wakuu wa shule za msingi huku Kilimanjaro huanza kupokea maombi ya wageni wanaotaka kuja kufundisha kwa kujitolea. Wengi ni wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani walio kwenye likizo yao ndefu. Wengine ni watu wazima wanaopanda mlima au kuzunguka mbugani, kisha wanaongeza wiki mbili tatu za shuleni. Ujio wao sina neno nao. Nina neno na mahali tunapowaweka wakishafika, na hilo ni letu sisi walimu na kamati za shule.

Mgeni akifika, tunampeleka darasa la kwanza. Tunasema watoto bado wadogo, mtihani wa taifa uko mbali, nyimbo na michezo vitasogeza kipindi. Mwalimu wa darasa naye anapata upenyo wa kusahihisha madaftari au kuandika andalio la somo. Anayesema hivyo hajawahi kumfundisha mtoto kusoma, au amefundisha zamani akasahau.

Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili tunafundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ile tunayoiita KKK. Mtoto anaanza na sauti ya herufi. Anaijua a, anaijua m, anaziunganisha zinakuwa ma, ndipo siku moja anasoma mama na uso wote unabadilika. Kazi hiyo inafanyika kwa Kiswahili kitupu, katika darasa ambalo linaweza kuwa na watoto zaidi ya 80, na wamo wanaofika wakiongea Kichaga kuliko Kiswahili. Mwalimu anatakiwa kusikia, katikati ya kelele hizo, nani anatamka na nani anafuatisha mdomo tu.

Sasa anaingia kijana mwema, asiyejua Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Anaandika A, E, I ubaoni na kuwaimbisha kama alivyoimbishwa kwao: ei, ii, ai. Watoto wanaimba kwa furaha, maana mgeni ni mchangamfu. Lakini mtoto aliyehangaika kujua kwamba herufi ya pili pale ni e, leo anaambiwa ni ii, na ii anaifahamu kama sauti ya herufi inayofuata. Mgeni akishaondoka unaandika "meli" ubaoni, unasomewa "mili". Mtoto mwepesi atajirekebisha baada ya siku chache. Yule mzito, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamvuta, anapotea kabisa, na huyo utakutana naye darasa la nne mbele ya karatasi ya upimaji akiwa hawezi kusoma swali. Mgeni hana habari. Hakuna aliyemweleza, na yeye aliambiwa anakwenda kusaidia.

Wapo wanaojitolea kwa utaratibu mwingine. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea lililoanzishwa 1961, huwapa watu wake karibu miezi mitatu ya mafunzo, Kiswahili kikiwemo, kisha mtu anakaa kituoni miaka miwili. Walimu wake hapa nchini wengi hufundisha hisabati na sayansi sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtu wa namna hiyo unaweza kumpangia vipindi na kumwandika kwenye ratiba. Huyu wa wiki mbili huwezi, na shule inayomwandika inajidanganya. Isitoshe, nusu yao hufika mwezi wa sita wakati sisi tunafunga shule, na wanaofika Julai wanakuta darasa la saba wako mbioni na mtihani wa Septemba.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Shule nyingi zina vijana wetu waliomaliza vyuo vya ualimu, wana vyeti, wanasubiri ajira ya serikali, na wakati wakisubiri wanafundisha kwa kujitolea. Wanapata nauli kutokana na michango ya wazazi, mwezi mwingine hata hiyo haipatikani. Wanaijua KKK na wanawajua watoto kwa majina. Mgeni akitokea, kijana huyu anaombwa apishe, akae pembeni atafsiri. Huyo mgeni amemlipa fedha nyingi wakala aliyempangia safari ili apate nafasi ile ile, na shuleni mara nyingi kinachofika ni mpira na pakiti za penseli. Mwalimu mkuu ana haki ya kumuuliza wakala: katika fedha hizo, shule inapata kiasi gani? Nauli ya mwalimu wa kujitolea kwa muhula mzima itatoka hapo bila mtu kuumia.

Mgeni akae wapi basi? Darasa la tano na la sita, kwenye somo la Kiingereza, akiwa na mwalimu wa somo na akifuata azimio la kazi lililopo, yaani mpangilio wa mada za kufundisha. Awasomee hadithi, aongee na vikundi vidogo, asahihishe insha. Na kama ni mwalimu kwa taaluma, atafaa zaidi jioni katika ofisi ya walimu. Tuseme ukweli: wengi wetu tunafundisha Kiingereza ambacho sisi wenyewe tunaona haya kukizungumza. Saa moja ya mazungumzo na walimu kila siku itabaki shuleni baada ya mgeni kupanda ndege, kwa sababu sisi tutabaki.

Mengine ni ya kisheria. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufundisha, hata kama halipwi. Anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na Uhamiaji wakija, maelezo yataanzia kwa mwalimu mkuu. Alete pia hati ya polisi wa kwao kuhusu mwenendo wake. Simu ya kupiga watoto picha ibaki ofisini mpaka wazazi waulizwe.

Majibu ya maombi ya mwaka huu yanaandikwa siku hizi. Mwalimu mkuu anayemkubali mgeni aonyeshe katika barua hiyo hiyo darasa atakalokwenda na mwalimu atakayekaa naye, na amweleze kwamba vipindi vya KKK vina mwenyewe.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Moshi