Risala ya wazazi wa watoto wenye uvimbe wa ubongo, Malindi, kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wetu, maustadhi na wachungaji, walimu, mama zetu, na nyinyi watoto mliokaa hapa mbele, assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Kwanza karibu sana Malindi. Twajua una mialiko mingi na Jumamosi ni siku ya kukaa na watu wako, kwa hivyo kuja kwako ni heshima kubwa kwetu na tumefurahi mno.

Historia yetu ni fupi. Tulianza mama watatu kwenye benchi la wodi huko Mombasa, kila mmoja na mtoto wake kichwa kimefungwa bendeji, kuulizana tukaona kumbe wote twatoka huku, mmoja Ganda mmoja Mambrui mmoja Shella, tukapeana namba na hicho ndicho kikundi. Kina baba walikuja baadaye na twawashukuru.

Mafanikio yetu ni makubwa Mheshimiwa. Tuna merigoraundi ya nauli, yaani twachangiana kwa zamu, ambayo haijawahi kukwama, tuna kiti cha magurudumu kinachozunguka nyumba hadi nyumba, na tumewaeleza walimu wa chekechea dalili za ugonjwa huu. Hilo la walimu twajivunia zaidi, maana mtoto anatapika asubuhi akiamka tu, kichwa chamuuma, akitembea anayumba, na nyumbani anapewa dawa ya malaria, ya minyoo, ya taifodi, wengine wanasema ni jini, na wiki zinapita huku uvimbe unakua.

Sasa jambo lenyewe, na hapa twaomba masikio yako yote.

Watu wanafikiri mtoto akishatolewa uvimbe basi amepona. Mara nyingi kwa hawa wadogo uvimbe unakaa kisogoni, kwenye ile sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Tuna mtoto wa miaka minne aliingia thieta anaimba nyimbo za shule, siku ya pili baada ya oparesheni akanyamaza kabisa, hata neno "mama" hasemi. Mama yake alidhani wamemharibu. Daktari akamweleza kwamba hutokea kwa baadhi ya watoto wanaopasuliwa pale, sauti hurudi polepole, wiki au miezi, lakini yataka mtu wa kumfundisha kusema upya. Huyo mtu hapa Malindi sisi hatujampata.

Halafu kuna kemo, yaani dawa za saratani, na moja wanaita vinkristini inadhoofisha mishipa ya fahamu ya miguuni, mtoto anaburuta vidole anajikwaa kwenye kizingiti cha kwao. Kuna mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kama sita, na wadogo hulazwa kwa dawa ya usingizi wasitikisike kwa hivyo wanaamka na njaa na kwenda na njaa. Wa chini ya miaka mitatu madaktari hujitahidi wasiwapige mionzi kwa sababu ubongo bado unajengeka. Hayo yote yafanyiwe Mombasa au Nairobi, sawa, hatuji kukuomba mashine ya mionzi.

Tunachoomba ni mazoezi. Mazoezi ya viungo na ya kusema si ya siku moja, ni kila wiki, miezi na miezi, na kutoka hapa mpaka Mombasa ni kilomita kama 120. Mama wa Marafa anaamka saa tisa usiku, mtoto anatapika ndani ya matatu, foleni ya Mtwapa inawakalisha juani, wanafika wanafanyiwa nusu saa, wanarudi usiku. Wanaenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu nauli imekwisha. Hawaachi kwa uzembe, na twaomba hilo liandikwe.

Chumba cha mazoezi kipo Mheshimiwa, unakijua, ni kile cha pembeni ulichopita ukiingia. Mwaka juzi mgeni wetu wa siku hiyo alisimama hapa hapa akatuahidi kwamba kufikia Ramadhani kitakuwa tayari. Ramadhani mbili zimepita. Mwaka jana mgeni mwingine alikuja na watu wa kupima, wakapima mlango wakapima sakafu, tukapiga picha pamoja. Leo ndani kuna viti vilivyovunjika. Wewe hukuwepo na hatukulaumu hata kidogo, twayasema kwa sababu wakati picha ile inapigwa kulikuwa na mtoto wetu aliyeanza kusimama kwa kushika ukuta, na sasa mguu umekakamaa, hasimami tena.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani duniani wawe wanapona. Twaomba hao wakipona waweze kutembea na kusema.

Kwa hivyo ombi letu ni ufunguo wa kile chumba, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mtaalamu wa matamshi, siku mbili tu kwa wiki, walipwe na wanaohusika wasitegemee mchango wetu. Mikeka tutashona wenyewe. Vishikio vya mtoto anapojifunza kutembea, fundi seremala wetu amesema atavichonga vya mbao bure, kioo tumeshapata.

Mheshimiwa, tuna daftari la wageni. Ahadi za mwaka juzi zimo, za mwaka jana zimo, ila hazina tarehe kwa sababu tuliona haya kuwauliza wageni wetu. Wewe twakuomba kwa heshima zote utuandikie tarehe na sahihi yako, kabla hatujaenda kula. Mwenyekiti anakuletea daftari sasa hivi.

Ni sisi wazazi wa watoto hawa,
imesomwa na katibu.