Bei ya vyakula vya kilimo hai: tujue kwanza tunalipia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vyakula vya kilimo hai, yaani vile vinavyozalishwa bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, na iwapo vinamfaidi mlaji kiafya kiasi cha kustahili bei yake, ambayo mara nyingi hukaribia maradufu ya bei ya sokoni. Kwa upande wangu, naona familia ya kipato cha kawaida haina sababu ya kulipa bei hiyo kwa ajili ya lishe; inaweza kuwa na sababu ya kuilipa kwa ajili ya kuepuka masalia ya viuatilifu, lakini pale tu inapokuwa na namna ya kuthibitisha kwamba inachouziwa ndicho inachoambiwa.

Nianze na lishe, kwa kuwa ndiyo hoja ambayo wauzaji hupenda kuitanguliza. Mwaka 2009 watafiti wa London walipitia maandiko ya kisayansi ya miaka 50 na hawakukuta tofauti ya maana ya virutubisho kati ya mazao ya kilimo hai na mazao ya kawaida, na mwaka 2012 wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walifikia hitimisho linalofanana na hilo baada ya kuchambua tafiti zaidi ya 200. Upo uchambuzi mwingine, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle mwaka 2014, ambao ulikuta mazao ya kilimo hai yana kiwango kikubwa zaidi cha baadhi ya kemikali za mimea zinazodhaniwa kuukinga mwili. Hata hivyo, kuwapo kwa kemikali hizo ndani ya karoti hakujathibitisha kwamba aliyekula karoti hiyo huugua kidogo kuliko jirani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Mzazi anayeacha mafungu mawili ya mchicha wa gengeni ili apate fungu moja la kilimo hai kwa fedha ileile amewapunguzia watoto wake mboga, na hilo ni hasara ya hakika kwa faida ya kukisia.

Suala la masalia ni zito zaidi. Uchambuzi huohuo wa Newcastle ulionyesha kwamba mazao ya kawaida yalikutwa na masalia ya viuatilifu mara nne zaidi ya yale ya kilimo hai. Kama tofauti hiyo inapunguza magonjwa, bado ushahidi unavutana: utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018, uliofuatilia watu karibu 69,000, ulikuta waliokula zaidi vyakula vya kilimo hai walipata saratani kwa kiwango cha chini kwa robo hivi, ilhali utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014, uliohusisha wanawake zaidi ya 600,000, haukuona upungufu wowote wa saratani kwa jumla. Ikumbukwe pia kwamba wanunuzi wa vyakula hivi kwa kawaida wana kipato kikubwa zaidi na huvuta sigara kidogo, na ingawa watafiti hujitahidi kuyatenga mambo hayo katika hesabu zao, ni vigumu kuyamaliza yote.

Lakini tafiti hizo zimefanyika katika nchi ambazo masalia hupimwa mara kwa mara na mkulima anayezidisha hubanwa. Kwetu hali ni tofauti. Angalia nyanya gengeni kabla muuzaji hajazifuta kwa kitambaa: nyingi zina ukungu mweupe wa dawa uliokauka kuzunguka kikonyo. Lebo ya kila kiuatilifu hueleza siku ambazo mkulima anapaswa kusubiri kati ya kupuliza mara ya mwisho na kuvuna, lakini bei ya tenga ikipanda ghafla, au mnunuzi wa jumla akifika na gari shambani, siku hizo husahaulika. Wapo wanaochanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja, na vijana wanaopuliza bila glavu wala barakoa ndio wanaoumia kabla ya mlaji yeyote. Kuosha kwa maji mengi husaidia kwa kile kilichobaki juu ya ganda, lakini dawa zinazofyonzwa na mmea huingia ndani ya tunda na haziondoki kwa kuosha. Kwa nyanya, kabichi na mboga za majani, basi, simlaumu mwenye uwezo anayelipa zaidi. Kwa maembe, ndizi au nanasi, ambazo tunazimenya, na kwa muhogo, ambao tunajua wakulima wetu wengi huulima bila dawa kabisa, sioni sababu ya kulipa ziada.

Hata hivyo, neno "hai" halimaanishi usalama wa kila namna. Mkulima wa kilimo hai naye huruhusiwa kutumia dawa fulani, kama pareto, mwarobaini na hata mrututu (chumvi ya shaba) kwa masharti. Mlipuko wa bakteria uliotokea Ujerumani mwaka 2011 na kuua watu zaidi ya 50 ulihusishwa na mbegu za uwatu zilizooteshwa katika shamba la kilimo hai. Sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo vya takriban watu 20 Dodoma na Manyara, hutokana na kuvu, na mahindi yaliyoanikwa vibaya huipata hata kama hayajawahi kuguswa na kemikali. Vilevile tusichanganye kilimo hai na kienyeji: kuku wa kienyeji anayedonoa jalalani hana mtu aliyekagua anachokula.

Mnunuzi anayetaka uhakika aangalie nembo ya Kilimohai, iliyoanzishwa mwaka 2007 pamoja na kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki, na aulize ni kikundi gani cha wakulima kilichozalisha na nani aliyekikagua. Muuzaji asiyeweza kujibu hilo hastahili bei ya ziada, hata kama kibao chake kimeandikwa kwa herufi za kijani.

Wengi hawatamudu bei hiyo hata ikithibitishwa, na hao ndio wanaonisukuma kuandika. Naiomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kushirikiana na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ichukue sampuli za nyanya, kabichi na mchicha katika masoko makubwa ya jumla kila msimu, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, zao kwa zao na eneo kwa eneo, magazetini na kwenye mbao za matangazo za masoko yenyewe. Maofisa ugani nao wapewe usafiri wa kuwafikia wakulima wakati wa kupuliza, kwa sababu elimu ya siku za kusubiri inayotolewa baada ya mavuno haimsaidii mtu.

Wako mtiifu,
Msomaji, Morogoro