Mhariri, hilo neno "tu" limenikwaza

Mhariri, salamu na poleni na kazi.

Nimeisoma makala yenu ya mawasiliano ya kwantamu, yaani kutumia jozi za chembe za mwanga kutengeneza ufunguo wa siri wa kufungia ujumbe, nikaifurahia mpaka nilipofika pale mlipoandika eti ili jozi ziwe nyingi kilichobaki ni "kuongeza mwanga tu". Hilo "tu" ndo limenifanya nishike simu niandike, maana kuna watu wameumiza vichwa kwenye hilo "tu" miaka na miaka.

Ngoja nieleze kidogo kwa ambao hawajakutana na hii kitu. Unapiga leza kwenye kristali maalum, halafu mara chache sana fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, inapasuka inazaa mbili, kama mama ana urefu wa wimbi wa nanomita 775 basi watoto kila mmoja anatoka na 1,550 hivi, rangi ambayo faiba, ule uzi wa kioo wa kupitishia mwanga, inapitisha vizuri. Hao ndo mapacha waliofungamana, ukimpima mmoja huku na mwenzake kule majibu yao yanaoana kwa namna ambayo huwezi kusema walipanga tangu mwanzo, na kuthibitisha hilo kwa majaribio ndo kuliwapa wanafizikia Aspect, Clauser na Zeilinger Nobel ya fizikia 2022. (Na hapana, ujumbe hauendi kasi kuliko mwanga, hilo nalo mlirekebishe.) Ila huko kuzaa ni bahati nasibu, fotoni karibu zote zinapita kwenye kristali kama hazijaona kitu.

Sasa mtu atauliza si tuongeze nguvu ya leza basi? Hapa ndo penye shughuli. Ukiongeza leza mara mbili jozi zinaongezeka mara mbili, sawa, lakini uwezekano wa kuzaliwa jozi mbili kwa mpigo mmoja wa leza unapanda mara nne, na zikitoka pamoja hujui tena nani pacha wa nani, unajikuta unampima mmoja wa jozi ya kwanza na mwingine wa jozi ya pili ambao hawana undugu wowote, majibu yanageuka kelele na ule ufunguo wa siri uliotaka kuutengeneza unajaa makosa. Yaani mwanga umekuwa mkali ila mfungamano umechakaa. Ndo maana mi nikisikia mtu anajisifu chanzo chake kinatoa mamilioni ya jozi kwa sekunde halafu hasemi ubora wake, namuacha apite.

Halafu kuna safari yenyewe. Faiba nzuri inapoteza desibeli 0.2 kila kilomita, inaonekana kidogo, lakini baada ya kilomita 50 zimebaki fotoni 10 katika 100, baada ya kilomita 100 imebaki 1, na wanatakiwa wafike mapacha wote wawili, kwahiyo ukiweka chanzo katikati na kila upande una kilomita 100 inayopona ni jozi moja katika 10,000. Intaneti ya kawaida unapachika ampilifaya njiani ya kukuza mwanga yameisha, huku haiwezekani, maana kukuza ni kunakili na fotoni usiyoijua hali yake hainakiliki, hilo limethibitishwa tangu 1982. Setilaiti ya China, Micius, ilikuwa inazaa jozi milioni 5.9 kila sekunde, 2017 wakazigawa kwa vituo viwili vilivyoachana kilomita 1,203, na zilizopokelewa pande zote mbili zilikuwa kama jozi moja kwa sekunde. Moja!

Mi naona wenye akili ni wanaogawa rangi. Jozi zinatoka na rangi nyingi zinazopishana kidogo, ukizichuja ukamuoanisha kila mmoja na pacha wake wa upande wa pili basi chanzo kimoja kinafanya kazi kama vyanzo vingi na hakuna anayemkanyaga mwenzie. Watafiti wa Vienna walionyesha 2018 kwa watumiaji 4, wenzao wa Bristol 2020 wakafika 8, wote kwa chanzo kimoja. Wengine wako kwenye nukta za kwantamu, punje ya semikondakta ambayo kila ukiipiga inatoa jozi moja basi, kwenye karatasi tamu sana, ila nyingi zinataka baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri na mwanga wake mwingi unanaswa humo humo ndani hautoki mpaka uzichongee kijumba cha vioo. Siwabezi, ila mtu wa kampuni ya simu umwambie aweke friji la hivyo kila kituo, sijui.

Kwahiyo mkiandika tena, muulizeni mtaalamu maswali mawili. Jozi ngapi zinaingia kwenye faiba, sio ngapi zinazaliwa, maana nyingine zinapotelea pale pale mezani. Na katika hizo, ngapi zilitoka mbili kwa mpigo.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.