Barua kwa Mhariri: Kuinyima fedha redio ya umma ya Marekani hakutaondoa upendeleo wake

Mhariri,

Tangu Bunge la Marekani lilipofuta ruzuku ya utangazaji wa umma mwezi Julai 2025, nimekuwa nikikutana katika kurasa za maoni, za gazeti lako na za mengine, na hoja moja inayorudiwa kwa maneno tofauti: kwamba redio ya umma ya nchi ile, NPR, ilikuwa ya chama kimoja, cha Democratic, kwamba wasikilizaji wake ni watu wa mrengo mmoja, wa kushoto, na kwamba kwa sababu hiyo mlipakodi asiye wa mrengo huo alitendewa haki alipoondolewa mzigo wa kuigharamia. Nakubaliana na sehemu ya hoja hiyo, tena sehemu isiyo ndogo. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwa kuwa naamini hatua iliyochukuliwa itaisukuma redio hiyo izidi kuelemea upande ule ule inaolaumiwa kuuelemea.

Lawama yenyewe haikuanza jana. Sheria ya utangazaji wa umma, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Novemba 1967, ndiyo iliyounda shirika la kugawa fedha hizo, CPB, na sheria hiyo hiyo ilitaka vipindi vyote vinavyogusa mambo yenye mabishano vizingatie ukweli na uwiano bila kulegeza. NPR ilianzishwa mwaka 1970, na kipindi chake kikuu cha habari za jioni kilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 3 Mei 1971, siku ambayo Washington ilikuwa imejaa waandamanaji waliopinga vita vya Vietnam. Waandishi walipeleka vinasa sauti katikati ya umati na kurusha sauti za mitaani jinsi zilivyokuwa. Kwa aliyeunga mkono vita, hiyo ilikuwa redio ya wapinzani wake tangu saa yake ya kwanza hewani. Kwa aliyevipinga, ilikuwa redio ya kwanza kumsikiliza. Tofauti hiyo ya masikio haijawahi kuondoka.

Aliyeieleza lawama hiyo kwa uzito zaidi alitoka ndani. Aprili 2024, Uri Berliner, mhariri mwandamizi aliyekuwa ameitumikia NPR kwa miaka 25, alichapisha insha nje ya taasisi yake akidai kwamba chumba cha habari kimepoteza uwazi wa fikra. Alitoa takwimu za wasikilizaji: mwaka 2011, asilimia 26 kati yao walijitambulisha kuwa wahafidhina, yaani wa mrengo wa kulia, na asilimia 37 kuwa waliberali, yaani wa mrengo wa kushoto, ilhali mwaka 2023 wahafidhina walibaki asilimia 11 na waliberali walifika asilimia 67. Aliongeza kwamba alipotazama orodha za wapiga kura za Washington aliwakuta wafanyakazi 87 wa upande wa uhariri walioandikishwa kuwa wa chama cha Democratic na hakumkuta hata mmoja wa chama cha Republican. Hesabu hiyo ya pili ilipingwa papo hapo na mtangazaji wa NPR Steve Inskeep, ambaye alionyesha kwamba yeye mwenyewe ameandikishwa bila chama chochote. Berliner alisimamishwa kazi siku tano bila malipo kwa kuandika nje bila idhini, kisha akajiuzulu.

Takwimu za wasikilizaji zinahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndizo zinazotajwa sana na ndizo zinazoeleweka vibaya sana. Kuna wanaosema kwamba redio yenye wasikilizaji wa upande mmoja lazima iwe ya upande huo. Haifuati. Mwaka 1987 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilifuta kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe nafasi kwa pande zinazopingana katika masuala ya umma, na mwaka uliofuata kipindi cha mtangazaji mhafidhina Rush Limbaugh kikaanza kurushwa nchi nzima. Baada yake redio za mazungumzo za mrengo wa kulia zilienea kila jimbo. Mhafidhina aliyekuwa akisikiliza redio ya umma kwa kukosa nyingine akapata mahali pa kuhamia, na aliyebaki akajikuta miongoni mwa watu waliotofautiana naye. Katika uhamaji huo mhariri wa redio ya umma anaweza asiwe na kosa lolote.

Hata hivyo maelezo hayo yanaishia njiani, na hapa natofautiana na watetezi wa NPR. Limbaugh alikuwa hewani kwa zaidi ya miaka ishirini kufikia 2011, na bado robo ya wasikilizaji wa redio ya umma walikuwa wahafidhina. Kama ushindani pekee ndio uliowaondoa, wangekuwa wameondoka mapema. Kilichowafukuza kati ya 2011 na 2023 hakiwezi kuwa soko tu. Siasa za nchi nzima zilichacha katika miaka hiyo, hilo ni kweli, lakini redio inayowapoteza zaidi ya nusu ya wasikilizaji wake wa upande mmoja ina wajibu wa kujiuliza iliwaambia nini, na zaidi iliacha kuwaambia nini.

Nasema iliacha, kwa sababu upendeleo unaoumiza katika redio ya umma hausikiki katika maneno ya mtangazaji. Lugha ya NPR ni ya upole, matamshi yametulia, na kila upande hupewa dakika zake pale suala linapokuwa limeshachaguliwa. Tatizo liko katika kuchagua. Oktoba 2020, gazeti moja la New York lilipochapisha habari za kompyuta ya Hunter Biden, mwana wa mgombea urais, mhariri mtendaji wa habari wa NPR alieleza hadharani kwamba hawakutaka kupoteza muda wao na wa wasikilizaji kwa habari ambazo kwa maoni yake hazikuwa habari. Baadaye magazeti makubwa yalithibitisha kwamba sehemu ya barua pepe zilizokuwamo ilikuwa halisi. Mtu anaweza kubishana kuhusu uzito wa jambo lile katika uchaguzi. Lakini kuliita lisilostahili hata kuchunguzwa, wiki mbili tu kabla ya kura, kulimwambia msikilizaji wa upande wa pili kwamba maswali yake hayana nafasi mezani. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji njama. Unahitaji tu chumba chenye watu waliosoma mahali pamoja, wanaoishi katika miji ile ile na wanaostaajabishwa na mambo yale yale.

Wakati huo huo lazima tukiri kwamba hisia ya msikilizaji si kipimo kinachotosha. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Vallone, Ross na Lepper, walichapisha utafiti ambao kila anayelalamikia upendeleo angepaswa kuujua. Waliwaonyesha wanafunzi taarifa zile zile za televisheni kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli waliziona taarifa hizo zimeupendelea upande wa Waarabu, na waliounga mkono Waarabu wakaziona zimeipendelea Israeli. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na asiyeivuta anaonekana na wote wawili kuwa anaivuta kwingine. Ndiyo maana namheshimu mlalamikaji anayetaja kipindi, siku na swali ambalo halikuulizwa, na simwelewi anayesema tu kwamba anaisikia harufu ya chama fulani katika sauti ya mtangazaji.

Mhariri, hadi hapa nimezungumzia kosa. Sasa nataka kuzungumzia adhabu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Mei 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kusitisha fedha za serikali kwa NPR na kwa televisheni ya PBS, akitaja upendeleo kuwa sababu. Julai mwaka huo Congress, yaani Bunge la Marekani, ilifuta takriban dola bilioni 1.1 ambazo tayari zilikuwa zimeidhinishwa kwa CPB kwa miaka miwili; katika Baraza la Wawakilishi hoja ilipita kwa kura 216 dhidi ya 213. CPB ikatangaza Agosti kwamba inafunga shughuli zake. Anayesoma matukio haya kutoka mbali anadhani kwamba wahariri wa Washington walinyang'anywa mishahara yao. Sivyo fedha zilivyokuwa zikienda. NPR haimiliki vituo vinavyorusha vipindi vyake. Hivyo ni vituo vinavyojitegemea katika majimbo, vingine vya vyuo vikuu na vingine vya jamii za wenyeji, na ndivyo vinavyoilipa NPR ili kupata vipindi. Ruzuku iliyokwenda moja kwa moja kwa NPR ilikuwa karibu asilimia moja ya bajeti yake. Sehemu kubwa ya fedha za CPB ilikwenda kwa vituo vya redio na televisheni vya mikoani, na kwa vile vidogo vya vijijini ilibeba mzigo mkubwa wa bajeti nzima.

Tazama basi nani aliumia. Kituo cha KYUK mjini Bethel, Alaska, hutangaza kwa Kiingereza na kwa Kiyup'ik, lugha ya wenyeji wa eneo ambalo vijiji vyake havijaunganishwa na barabara. Tarehe 16 Julai 2025, wakati Seneti ikijadili hoja hiyo, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.3 liliikumba pwani ya Alaska, na Seneta Lisa Murkowski, mwanachama wa Republican, aliwakumbusha wenzake kwamba tahadhari ya tsunami ilikuwa ikiwafikia watu wake kupitia vituo vya umma. Alipiga kura ya kupinga. Katika maeneo kama hayo hakuna anayeuliza redio ni ya chama gani. Miongoni mwa wanaozisikiliza redio za umma za vijijini wamo wapiga kura wa chama kile kile kilichozinyima fedha.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Redio ya umma ya Marekani ilikuwa na wafadhili wa aina tatu: kampuni na wakfu zinazodhamini vipindi, wasikilizaji wanaochangia kwa hiari, na mlipakodi. Kati ya hao watatu, ni mlipakodi peke yake aliyekuwa wa pande zote za siasa. Msikilizaji anayetoa mchango wakati kituo kinaposimamisha vipindi na kuomba msaada ni yule anayeipenda redio hiyo jinsi ilivyo. Sidai kwamba mhariri hupiga hesabu hiyo kila asubuhi kabla ya kuchagua habari zake, lakini taasisi yoyote, taratibu na bila kukusudia, hujifunza ladha ya mkono unaoilisha. Baada ya ruzuku kufutwa, michango ya wasikilizaji iliongezeka, na watetezi wa redio hiyo waliipokea kwa shangwe. Naielewa shangwe yao, lakini mimi ilinitia wasiwasi. Kama theluthi mbili ya wasikilizaji ni waliberali na wao ndio watakaolipa gharama zote, ni kwa sababu gani chumba cha habari kihangaike kumrudisha mhafidhina aliyeondoka? Zamani mbunge wa Republican aliweza kuwaita viongozi wa NPR mbele ya kamati na kuwauliza kwa nini fedha za wapiga kura wake zinatumika hivi. Mwaka 2025 chama chake kiliiacha nguvu hiyo kwa hiari yake chenyewe.

Kulikuwa na njia nyingine, na inajulikana tangu mwanzo. Tume ya Carnegie, ambayo ripoti yake ya Januari 1967 ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka huo, ilipendekeza utangazaji wa umma ugharamiwe na kodi maalumu inayotozwa kwenye seti za televisheni, ili fedha zisitegemee hisia za wanasiasa kila mwaka. Congress haikukubali. Matokeo yalionekana haraka: mwaka 1972 Rais Richard Nixon, aliyechukizwa na habari za vituo vya umma, aliukataa kwa kura ya turufu muswada wa fedha zao. Tangu hapo kila kizazi cha wanasiasa kimetumia tishio lile lile, na kila mara watangazaji wamejibu kwa kujilinda badala ya kujichunguza. Taasisi inayoogopa kufungwa haiwezi kukiri kosa hadharani, kwa kuwa kila kukiri kunageuzwa ushahidi dhidi yake bungeni. Insha ya Berliner ilitumika hivyo hasa, ingawa yeye mwenyewe aliandika ndani yake kwamba kuiondolea NPR fedha si jibu.

Kwa hiyo ningependa wanaoshangilia kufutwa kwa ruzuku waeleze ni kwa utaratibu gani redio iliyoachiwa wafuasi wake pekee itarudi katikati. Ningependa pia viongozi wa NPR wachapishe kila mwaka, bila kusubiri kuulizwa, takwimu za mielekeo ya wasikilizaji wao pamoja na orodha ya habari kubwa walizochelewa kuzifuatilia au walizozipuuza, na wahamishie baadhi ya nafasi za uhariri kutoka Washington hadi kwenye vituo vya majimbo ambayo waandishi wao huyatembelea wakati wa uchaguzi tu. Na kwa gazeti lako nina ombi dogo: mnapochapisha habari za mgogoro huu, viulizeni maoni na vituo vya vijijini, kwa kuwa mpaka sasa tunayoyasoma karibu yote ni ya Washington.

Wako katika usomaji,
Msikilizaji wa redio wa siku nyingi